Mtungi wa Shangazi Yako

Mjukuu wangu Zaina,

Marahaba, maana najua umeshaniamkia. Nimefika Tabora kwa shangazi yako. Jua la huku linakaanga utosi, lakini kazi waliyolipatia ni kukausha michembe ya viazi vitamu tu.

Shangazi yako ana mtungi wa gesi. Umekaa sebuleni, umevishwa kitambaa cha kufuma kama bibi harusi. Unawashwa wakija wageni. Siku nyingine ni mkaa na kukohoa.

Jana akaja bwana mwenye tai, anahubiri nishati safi nyumba kwa nyumba. Gesi ikawashwa kwa heshima yake. Chai haijachemka, moto ukazimika. Mtungi mtupu!

Nikamwambia, "Mimi natoka Mtwara, gesi iko chini ya miguu yangu. Imekwama wapi?"

"Bibi, ya kwenu ni nyingine. Hii ya mitungi inaletwa na meli kutoka ng'ambo."

"Ajabu! Zamani pembe za ndovu zilitoka hapa hadi pwani vichwani mwa watu. Gesi ya pwani imeshindwa kuja hata kwa bomba? Haya mwanangu, chuchumaa, chai haijipiki."

Akachuchumaa na tai yake, akaupepea mkaa kwa karatasi zake za kuukataza mkaa. Chai akanywa vikombe viwili!

Moshi siupendi, macho yangu unayajua. Lakini wewe uliyeapa kuyatupa mafiga yangu kwa kuwa gesi inakuja, thubutu! Nakupenda, mkaidi wewe, na asali nakuletea. Mafiga utayatupa siku bomba likiingia jikoni, na jiwe la kwanza nitalibeba mwenyewe.

Bibi yako