Mashini ya Mama Yako

Lushebere, mwezi wa sita 1954

Kwa Ladislas, mutoto wangu,

Mimi niko muzima, ni meno tu yananikimbia. Mashini ya kusaga mutama uliyotuma toka kule Walikale ku madini ilifika. Zamani mama yako alisaga juu ya jiwe tangu jogoo mpaka jua inapanda. Sasa anazungusha mukono ya mashini kidogo tu, unga iko tayari. Wanawake wanakuja kushangaa, na mimi najifanya fundi.

Lakini ule wakati uliomupa, unajua anaufanyia nini? Anaenda kukaa kando ya barabara, anaangalia kila kamio ya mizigo inayopita kama utashuka.

Niliona anapoteza wakati bure, nikaficha mukono ya mashini chini ya majani ya ng'ombe. Akarudilia jiwe siku mbili. Siku ya tatu akaniambia: «Muzee, rudisha. Wakati ni wangu. Nikiumalizia kungojea mutoto uliyemufukuza, wewe inakuuma wapi?»

Iliniuma, Ladislas. Yale maneno niliyokutupia siku ulipoondoka yalikuwa maneno ya mupumbavu, na mupumbavu hakuwa wewe.

Mukono niliurudisha. Sasa kila asubuhi, unga ikiisha kusagwa, tunaenda wawili, yeye na kikapo anachosuka, mimi na kiti yangu. Usitutumie mashini ingine. Panda kamio.

Ni mimi baba yako, Rukara, hapa kando ya barabara.