Kavugho, Barua Zako Zilifika

Mwaka umetimia, Kavugho Jokébed, tangu Jumanne ile asubuhi ulipokata roho, mkono wako ukiwa ndani ya mkono wa Mama. Maharagwe ya Musienene yamevunwa mara mbili, na bado kuna watu wanaotuuliza kibanda chako kitafunguliwa lini.

Wengi walikujua hapo, kwenye fotokopi. Mama mzee akija na karatasi, ulimkalisha kwanza, ukamuuliza habari za magoti yake, ndipo ukaitazama hiyo karatasi. Asiyejua kuandika ulimwandikia, kisha ukamsomea mara mbili, ahakikishe kwamba maneno ni yake na si yako.

Wachache walijua kazi yako nyingine. Karatasi moja uliikunja, ukaichana katikati, ikawa kijitabu cha kurasa nane: michoro yako, makaratasi ya sabuni, tiketi za gari, maneno uliyoyaokota sokoni. Hakikuuzwa popote. Ulikitia ndani ya bahasha uliyoipamba mwenyewe, ukakituma kwa watu ambao hujawahi kuwaona, Japani, Chile, Poland, nao wakakutumia vyao. Sanaa yenu ilikuwa huko kutumiana.

Na ulipenda kelele. Mashini ya kusaga mihogo, gurudumu la chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, lililokosa mafuta, mvua ya mawe juu ya mabati, yote uliyanasa kwa simu, ukayapanga, ukayarudiarudia, ukayaita muziki. Tulikuona mara ngapi umesimama katikati ya njia na ndizi mkononi, macho umefumba, watu wakikuzunguka kama maji yanavyozunguka jiwe!

Barua zako zilipitia kwa kaka yako mkubwa, Ézéchias. Posta ya kwetu haikuwa ya kutegemea, naye ni déclarant, wakala wa forodha, kule Kasindi, anavuka mpaka kila siku, kwa hiyo sanduku lenu la posta lilikuwa ng'ambo, Bwera, upande wa Uganda. Kila Ijumaa alirudi nyumbani Butembo na mfuko wa nguo chafu, na ndani ya nguo bahasha zako. Ulimpokea mlangoni kabla hajavua viatu.

Siku moja mtu alimshika mkono nje ya kanisa. "Shemasi, dada yako anaita pepo gani na ile makelele? Batu banasema." Ézéchias aliuchomoa mkono, akaondoka. Alikuwa amekwisha kutajwa kwamba angefanywa mzee wa kanisa mwaka huo, na aibu ilimpanda hadi masikioni.

Wiki iliyofuata ikafika bahasha yenye picha ya mwanamke mwenye kichwa cha ndege. Aliigeuza, akaitazama tena, akaiweka ndani ya kabati la ofisi yake kule Kasindi. Nitampa wiki ijayo, alijiambia. Wiki moja ikawa mbili, na bahasha nyingine zikaifuata kabatini.

"Yaya, posta ilileta kitu?" ulimuuliza kaka yako Ijumaa hiyo.

"Hapana, Kavugho. Hakuna kitu."

Uongo wa kwanza ulimtoka kwa shida. Wa tano ulitoka wenyewe.

Kisha figo zako zikaanza kukataa kazi. Tuseme ukweli wote: Ézéchias alikupenda. Aliomba likizo, akakubeba mgongoni kutoka nyumbani hadi barabarani, akakuosha miguu ilipovimba. Na kila alipokusudia kukuletea bahasha zako, alilisikia swali utakalouliza: zilikuwa wapi siku zote hizi? Akaziacha kabatini. Ukaacha kukunja karatasi. Mkasi wako ukabaki juu ya dirisha.

Wiki mbili kabla ya mwisho ulimwambia, kwa sauti ndogo, "Yaya, pengine bale batu balishachoka na miye."

Ézéchias aliangalia dripu ikidondoka. "Pengine ni njia," akasema. "Na hii vita, mizigo inakwama."

"Ah. Kumbe njo vile," ukasema, ukatabasamu. Ulimwamini. Hilo ndilo linalomtafuna kuliko yote: kwamba ulimwamini, na kwamba alipumua kwa kuona umemwamini.

Matanga yalipokwisha alirudi kutoka Kasindi siku isiyo yake, akamwaga bahasha juu ya meza mbele yetu. Kumi na moja. Hatukuelewa mpaka mdogo wako Lévi alipoanza kuzifungua na kutusomea. Moja ilitoka kwa Fumie, yule rafiki yako wa Japani aliyekuandikia kwa Kifaransa cha kujifunza. Ndani mlikuwa na kijitabu chenye jina lako juu, na kaseti. Alikuwa amewapelekea wenzenu ile kelele yako ya mashini ya mihogo, na watu kumi na wawili, kila mmoja kwao, walikuwa wameijibu kwa kelele yao. Kumi na wawili, Kavugho. Walikuwa wakikungoja useme kama umependa.

Mama alichukua bahasha, akasoma tarehe iliyopigwa muhuri.

"Miezi ine mbele ya kufa kwake, Ézéchias?"

"Ndiyo, Mama."

"Na ulikuwa unamuoshaka miguu."

"Ndiyo, Mama."

Mama akainuka, akaenda nje kwenye maharagwe yake. Siku tatu hakulitaja jina la mwanawe wa kwanza.

Ézéchias aliuacha ushemasi mwenyewe, hakuna aliyemfukuza. Alimwandikia Fumie, hakujitetea kwa neno hata moja. Jibu lilichukua wiki saba. Fumie aliandika kwamba alilia ndani ya treni, kwamba hawezi kumwambia si kitu, kwa sababu ni kitu. Halafu akaomba chochote ulichokiacha.

Tulikipata chini ya godoro: kijitabu cha mwisho, kurasa sita zimejaa, mbili tupu. Lévi alitaka kuzijaza. Ézéchias akasema, "Hapana. Tuache vile aliacha." Alitoa kopi arobaini, akazikunja mwenyewe siku mbili nzima, nyingi zikatoka kombo, akavuka nazo hadi Bwera kuzituma kwa Fumie na wenzake.

Kaseti yako ameisikiliza mara nyingi. Angependa kusema kwamba sasa anaielewa, lakini amechoka kusema uongo. Inamuumiza masikio. Mama ndiye aliyetushangaza. Jumapili moja baada ya ibada aliomba redio ya shangazi Kavira, akakaa, akasikiliza dakika ishirini za vyuma na upepo bila kusogea. Mwishoni akauliza, "Kumbe mutoto wangu alikuwa anasikiaka dunia hivi?" Akasema, "Rudisha mwanzo."

Tulipokutana kuandika kumbukumbu hii, baba mdogo Apollinaire alikataa. "Ya nyumba hapana tangaza. Muandike alikuwa mwema, inatosha." Ézéchias alisimama. Alisema miezi yote ile alikuwa akiilinda heshima yake, na dada yake akafa akidhani amesahauliwa. Hataki kulindwa tena kwa jina la dada yake. Apollinaire akamgeukia Mama, akitegemea msaada. Mama hakusema amemsamehe mwanawe. Mpaka leo hajasema. Alimsogezea Lévi kalamu.

"Andika," akasema. "Andika yote. Yeye alikuwa anasomeaka batu maneno yao mara mbili."

Wanaokukumbuka: mama yako Gracieuse, baba yako mdogo Apollinaire, aliyeweka sahihi mwishowe, shangazi yako Kavira wa Musienene, mdogo wako Lévi, marafiki zako kumi na wawili, ambao hatujui kuyatamka majina yao yote, na kaka yako Ézéchias, aliyeomba awe wa mwisho.

Wasingya, asante, Kavugho. Hukusahauliwa hata ulipodhani umesahauliwa, wala hutasahauliwa.