Hati za Mjane wa Ngoliba

Ngoingwa, Jumanne, 14 Machi 1995

Na hao ndio wataalamu! Wanafunzi watatu wa chuo, wametumwa kuishauri masijala niliyoitunza miaka thelathini, na karatasi wanazishika kwa glavu kama maiti.

Leo wamenijia nyumbani na pendekezo lao: mafaili yote ya zamani yachomwe Ijumaa.

"Mmeyafungua?" nikauliza.

"Tumesoma majina juu ya majalada, guka," msichana akasema, akiniita babu kwa Kikuyu. "Hizo ni takataka tu."

Wavivu wakubwa. Ndani ya jalada la ununuzi wa matairi kuna hati za shamba la Mama Wambui, mjane wa Ngoliba. Nilizificha humo kwa mkono wangu, kwa sababu shemeji yake alikuwa rafiki yangu na alilitaka shamba. Mjane alikuja dirishani kwangu miaka miwili. "Bado tunatafuta, mama," nikamwambia kila mara. Akafukuzwa shambani. Wanawe mpaka leo wamepanga chumba kimoja huko Theta.

Nikamwambia msichana kuna hati humo, nikamtajia namba ya jalada na jina la mjane. Akaandika, kisha akauliza ni nani aliyeziweka huko.

"Karani mmoja," nikasema. "Alishakufa."

Daktari amenipa wiki chache za kuishi. Kauli hiyo haitabaki uongo kwa muda mrefu.