Vitambaa Vyekundu kwenye Mikungu ya Timu

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Tukuyu, Wilaya ya Rungwe
Jumanne, tarehe 16 Septemba 2025, saa 4:20 asubuhi

Jina: Mwanaheri Kasim Jumaa
Umri: Miaka 17
Kazi: Mwanafunzi, kidato cha nne
Dini: Mwislamu
Makazi: Tukuyu mjini, nyuma ya soko

Naanza na jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata mama. Vile vitambaa vyekundu kwenye mikungu ya ndizi ya timu nilivifunga mimi. Siyo Asajile mnayemshikilia. Nimeitwa hapa nieleze nilichokiona, lakini mimi sikukiona tu, nilikifanya.

Afande Safina aliniuliza maswali matatu nikashindwa kufungua mdomo. Ndivyo nilivyo. Shuleni naandika insha kwa Kiswahili na kwa Kiingereza na maksi napata, ila nikisimamishwa mbele ya darasa lugha zote mbili zinanikimbia. Afande akanipa karatasi na kalamu, akasema, "Basi andika, mdogo wangu. Karatasi haitakutolea macho." Baba yuko nje kwenye benchi la kaunta. Humu chumbani niko peke yangu, lakini karatasi nimeifunika kwa mkono wa kushoto kama tunavyofanya kwenye mtihani.

Baba yangu, Kasim Jumaa, ni fundi cherehani na ni mweka hazina wa timu yetu, Migombani FC. Timu haina mfadhili tangu mwaka juzi. Wachezaji wanalipwa kutokana na kiingilio, na kiingilio chetu ni shilingi elfu moja, au mkungu wa ndizi unaoingiza familia nzima kwa mwezi. Wengi wa vijiji vya Masoko na Igogwe huleta mkungu. Mlangoni tunamuuliza mwenye nao: wa timu au wa mchezaji? Akisema wa timu, nafunga kitambaa cha bluu kwenye kikonyo. Akimtaja mchezaji aliyemfurahisha, nafunga chekundu na kuandika namba ya jezi kwa chaki ya kushonea ya baba. Vitambaa ni mabaki ya jezi anazoshona mwenyewe. Mikungu ya bluu inauzwa Jumatatu kwa Jairo mwenye lori, na hela inagawanywa kwa wachezaji wote kumi na wanane. Mwekundu ni wa mchezaji huyo peke yake, na hakuna anayehoji.

Kazi ya vitambaa na daftari la mikungu nimeifanya tangu nikiwa kidato cha kwanza. Wakati ule kuna Jumapili stoo ya uwanjani ilijaa mpaka mikungu mingine ikalala nje, sitini na kitu. Baba alikuwa ananiita "karani wangu". Tulikuwa tunarudi nyumbani pamoja, mimi nimebeba daftari, yeye mkasi, tunabishana nani kacheza vizuri. Ni baba tu niliyeweza kubishana naye. Siku hizi watu wanatoa mia tano kwenye banda la video wakaangalie timu za Dar, na baadhi ya waliobaki wanasimama kwenye tuta nje ya uzio wanaangalia bure. Mpaka wiki iliyopita wachezaji walikuwa hawajapata posho wiki saba.

Asajile alikuja kukaa kwetu mwezi wa tatu mwaka huu, katikati ya Ramadhani, kwa sababu timu ilishindwa kumlipia chumba. Ana miaka kumi na tisa, kwao ni Masoko, anavaa jezi namba tisa. Baba alimpa chumba cha uani. Asajile ni Mkristo, Mmoraviani, lakini mchana alikuwa hali chochote humo ndani kwa heshima yetu. Baba akamsimulia kila mteja aliyeingia kupimwa suruali: "Mtoto wa watu anafunga na sisi!" Mimi nafunga tangu nina miaka tisa. Sikumbuki mteja aliyesimuliwa.

Najua ni jambo dogo. Yalikuwa madogo yote. Jezi namba tisa ilifumuliwa na kushonwa upya mara tatu mpaka ikamkaa sawa mabegani. Pindo la sketi yangu ya shule liliachia mwezi wa sita, na mpaka leo limeshikwa na pini. Wakati wa chakula cha usiku baba anamwambia Asajile, "Kijana wangu, ule mpira wa kona ungeupiga kwa kichwa," wanacheka kicheko ambacho sikuwa nimewahi kukisikia kwa baba. Nikisema kitu, baba anasema, "Eeh, kweli," huku anamwangalia yeye. Na Asajile hakuwahi kunikosea. Alfajiri ananichotea maji kabla sijaamka, ananiita dada mdogo. Angekuwa na kiburi ningepata pa kushikia.

Mnamo tarehe 14 Septemba 2025, siku ya Jumapili, saa nane na nusu mchana, tulifungua mlango wa uwanja. Ilipofika saa kumi kamili nilikuwa nimepokea mikungu kumi na tisa. Kumi na saba ilikuwa ya timu na miwili ya Asajile, ambayo ililetwa na bibi mmoja wa Masoko aliyesema, "Ndaga, asante, mjukuu wangu, huu wa namba tisa, na huu tena wa namba tisa." Niliandika yote kwenye daftari. Fedha taslimu ilikuwa shilingi 23,000. Wachezaji walikuwa wameahidiwa kwamba kesho yake, Jumatatu, kila mmoja angepata hata elfu kumi ya kuanzia.

Mpira ukiwa mapumziko, baba alikuja mlangoni akiwa na Asajile. Aliniambia, "Mwanaheri, Jumapili ijayo daftari atashika Asajile akiwa hachezi, wewe una mtihani wa taifa mbele yako. Mwelekeze." Asajile akasema, "Nitaharibu mwandiko wako mzuri, dada mdogo." Baba akacheka, akamkabidhi na ufunguo wa stoo ili jioni afunge yeye. Ule ufunguo sijawahi kupewa. Baba alikuwa anasema ni mzito kwa mtoto wa kike, na ni ufunguo wa kawaida tu wa kufuli.

Saa kumi na moja na dakika kumi, kipindi cha pili, niliingia stoo peke yangu. Mlango ulikuwa bado wazi. Watu uwanjani walikuwa wachache kiasi kwamba ningeweza kutambua nani anapiga kelele. Nilimsikia baba: "Namba tisa! Namba tisa!" Nilifungua vitambaa vya bluu kwenye mikungu kumi na moja, nikafunga vyekundu, nikaandika 9 kwenye kila kimoja. Vya bluu nikavitia mfukoni mwa sketi. Ilinichukua kama dakika kumi.

Sikutaka aonekane mwizi. Nilitaka wenzake wakiingia kesho waone mikungu kumi na mitatu ya mtu mmoja, waumie kama mimi ninavyoumia. Nilitaka watu wengine pia wamwonee wivu, nisiwe peke yangu. Daftari sikulifikiria kabisa. Lilikuwa tayari limeandikwa kwa mkono wangu, kumi na saba ya bluu, miwili myekundu, na baba alikuwa amelitia sahihi.

Jumatatu tarehe 15, saa moja na nusu asubuhi, nilipita stoo na baba kabla ya kwenda shule. Jairo alikuwa amesharudisha lori nyuma mpaka mlangoni. Nahodha wa timu, Jackson, alihesabu vitambaa, akachukua daftari kwa baba, akahesabu tena. Kisha akamgeukia Asajile.

"Wiki saba tunacheza kwa chai kavu, kaka, wewe unajifungia vyekundu kwenye ndizi zetu?"

Asajile alidhani ni utani. Alisema, "Ndizi gani, nahodha? Mimi nilifunga mlango tu."

"Ufunguo alikuwa nao nani?"

"Mimi."

"Na namba tisa ni nani? Mimi?"

Wachezaji wengine wakaanza kusukumana. Mmoja alimvuta Asajile shati likachanika kwapani. Jairo aliyekuwa juu ya lori akasema, "Jamani, mimi nanunua ndizi, sinunui kesi. Hela nampa nani?" Wote walikuwa wanamwangalia baba. Baba aliinama akashika kitambaa kimoja, akakisugua kwa kidole gumba kama anavyojaribu kitambaa cha mteja. Alisema, "Nilikupa ufunguo kwa mkono wangu huu." Alisema taratibu. Asajile akasema, "Mzee Kasim, niangalie." Baba hakumwangalia.

Mimi nilikuwa nimesimama karibu na tairi la lori na begi la shule. Nilisikia yote. Saa mbili na dakika kumi baba na Jackson walimleta Asajile hapa kituoni, na mimi nikaenda shule. Tulikuwa na jaribio la hesabu. Nilipata yote.

Jioni ile ile, saa kumi na mbili, baba aliweka jezi namba tisa kwenye meza ya cherehani akaanza kuifumua ile namba kwa wembe, uzi mmoja mmoja. Alikuwa hataki chai. Mama alimwambia, "Baba Mwanaheri, hiyo si itasubiri kesho?" Aliendelea kufumua. Halafu akaniita, "Karani wangu, njoo unisomee daftari." Nilikaa kwenye kigoda karibu na miguu yake nikamsomea. Tulikuwa wawili tu kama zamani.

Afande, hapa ndipo ninapoona aibu zaidi ya kwenye vile vitambaa. Nilifurahi. Nilisoma polepole ili yasiishe.

Leo saa tatu na nusu asubuhi tumekuja na baba kwa sababu mtuhumiwa ndiye aliyetaka niitwe. Baba aliniambia njiani. Asajile amewaambia, "Muulizeni Mwanaheri, yeye ndiye alifunga vitambaa. Yule hawezi kusema uongo." Baba alipolirudia hilo alisema, "Wewe sema ulivyofunga, basi. Kumi na saba na miwili. Mengine waachie polisi." Nikifanya hivyo nitakuwa nimesema kweli tupu, na Asajile atapelekwa mahakamani. Nilipopita kaunta nilimwona ndani. Shati lilikuwa bado limechanika. Aliinua mkono kunisalimia.

Vitambaa kumi na kimoja vya bluu vipo chini ya godoro langu, upande wa ukutani. Mkivichukua, vihesabuni pamoja na vile sita vya bluu vilivyobaki stoo, mtapata kumi na saba. Asajile hajui chochote. Mikungu iuzwe wachezaji wapewe hela yao, maana hiyo nayo nimeizuia.

Nasikia hatua zinakuja. Si za Afande, yeye amevaa buti. Ni kandambili, na ya kulia inaburuzwa, ni mguu unaokanyaga cherehani tangu sijazaliwa. Mkono wangu wa kushoto bado uko juu ya karatasi. Hatua zimefika mlangoni.

Nimeutoa mkono.

Nimeandika mwenyewe, bila kutishwa na bila kufundishwa, na sina la kuongeza wala la kupunguza. Haya ni yangu yote.

(Sahihi) Mwanaheri K. Jumaa

MAELEZO YA AFISA: Shahidi ameandika kwa mkono wake kuanzia saa 4:20 hadi saa 5:35 asubuhi. Mzazi wake aliingia chumbani, akaomba kusoma, akasoma kurasa zote akiwa amesimama. Alipomaliza aliniuliza kama mtuhumiwa Asajile amepata chai. Nikamjibu bado. Akatoa hela nikamtuma mtu. Kisha akamwambia shahidi, "Sogea," akakaa naye kwenye benchi moja. Vitambaa kumi na kimoja vimechukuliwa saa 6:15 mahali palipotajwa. Jalada limepelekwa kwa mkuu wa kituo kwa ajili ya kumwachia mtuhumiwa.

(Sahihi) Koplo Safina