Noti Kumi Zilizo kwa Dada

Mshauri mpendwa,

Ninakuandikia kuomba njia ya heshima ya kumzuia dada yangu asitumie noti kumi Jumamosi hii mchana, bila kulazimika kumweleza kwa nini.

Naomba nijitambulishe kwa ufupi. Mimi ni mhitimu wa shahada ya uchumi, daraja la juu, na kwa sasa niko katika hatua za mwisho za kuanzisha kampuni ya ushauri wa uwekezaji, hatua ambazo zimekwama kwenye mtaji. Marehemu baba yetu, aliyekuwa fundi mitambo kiwandani, alipostaafu alichomoa katika kiinua mgongo chake noti ishirini mpya kabisa, zenye namba zinazofuatana kuanzia inayoishia 41 hadi inayoishia 60, akatuketisha mezani mimi na dada akatugawia kama anayegawa karata, moja kwake, moja kwangu, mpaka zikaisha, akasema hizo si za kula, ni za kumkumbuka, na hivyo dada akabaki na namba witiri nami nikabaki na shufwa, jambo ambalo kwa miaka sita halikuwa na maana yoyote kwetu.

Mwezi uliopita nilikutana na mkusanyaji wa noti, karani mstaafu mwenye duka la vifaa vya ofisi, akazipitisha zangu chini ya kioo cha kukuzia, kisha akanirudishia akisema, "Kijana, hizi zilivyo ni nauli tu. Niletee zote ishirini bila pengo, nitakupa mara themanini ya thamani yake."

Dada yangu ni fundi cherehani, ambaye kwa kweli alichangia kidogo ada yangu ya chuo kwa miaka minne, na noti zake huzihifadhi ndani ya daftari la vipimo vya wateja, nami kwa kuwa niliona si busara kumchosha na masuala ya kitaalamu nilimwendea na noti kumi nyingine za kawaida, nikamwomba anipe zile nimbadilishie.

"Zina ugonjwa gani?" akauliza, pini zikiwa mdomoni.

Nikamwambia zinaondolewa kwenye mzunguko.

"Za baba tu? Na zako je?"

Hapo, kwa haraka, nikamjibu kwamba zinaondolewa zile za namba witiri peke yake.

Akatoa pini mdomoni. "Asante kwa kunitonya, mdogo wangu. Basi usijisumbue kunibadilishia, zisije zikakufia wewe mkononi. Jumamosi mchana nafuata vitambaa. Yule muuzaji wa jumla aliwahi kunisukumia noti iliyochanika, na mimi namsukumia hizi zote kumi. Baba atanisamehe."

Tangu siku hiyo nimempigia simu mara tano nikijaribu kuiweka sawa kauli yangu, naye kila mara hunijibu nisiwe na wasiwasi, ameshanielewa. Nifanye nini ili noti hizo zisitawanyike sokoni na hadhi yangu ya kitaaluma isiguswe?

Wako mtiifu,
Mhitimu Mwenye Malengo

MSHAURI ANAJIBU

Mwanangu Mhitimu,

Hongera kwa daraja la juu. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa raha zangu. Noti witiri zinafutwa, shufwa zinasamehewa! Hata tapeli wa stendi angeona haya kutamka hivyo mchana kweupe. Inaonekana uchumi ulifundishwa na walimu, uongo ukajisomea mwenyewe, na hata huko ulikuwa mtoro.

Tuje kwenye neno lako "kidogo". Ada ya miaka minne, iliyotoka kwenye ncha ya sindano, wewe unaiita mchango kidogo. Mtu akupe noti kumi upate ishirini, uuze mara themanini, yeye abaki na kumi za kawaida na tabasamu lako: hilo lina jina kwa Kiswahili, na si uwekezaji.

Pole ninayo pia, usidhani sina. Kuzunguka na cheti kizuri huku mfuko mtupu kunaweza kumfanya mtu aone noti mahali palipo na ndugu. Lakini tazama ulichofanya. Dada yako amekuamini. Umempa uongo usio na kichwa wala miguu, naye, kwa kuwa umetoka kwa msomi wa familia, ameumeza mzima na sasa anakwenda kuachana na kumbukumbu ya baba yake kwa ajili ya neno lako. Noti nyingine mpya utazipata benki. Imani ya namna hiyo haichapishwi.

Njia ya kumzuia bila kumweleza haipo, na hata ingekuwapo umechelewa. Gazeti hili linatoka leo Alhamisi. Mafundi cherehani hukatia ruwaza za nguo kwenye magazeti, na kabla ya kukata, husoma. Jina umelificha, sawa. Mji huu una mafundi wangapi wenye mdogo wao mchumi na noti kumi za witiri?

Basi sikiliza. Nenda kwake na noti zako zote, zikiwa zimelala ndani ya bahasha. Sema, "Dada, nilikudanganya," kabla hujakaribishwa kiti, maana ukishakaa utaanza kufafanua. Mtajie bei ya karani, yote, bila kupunguza hata sifuri moja. Kisha nyamaza, najua ni kazi ngumu kwako. Akitaka kuuza, mwende pamoja, mgawane nusu kwa nusu hapohapo mbele ya karani, na usithubutu kudai ada ya ushauri. Asipotaka, ni haki yake. Utakunywa chai yake, utamshukuru kwa miaka minne, na mtaji utautafuta kwa jasho kama watu wengine.

Ila kwanza chukua simu sasa hivi, kabla hujalikunja gazeti, umwambie maneno haya tu: "Dada, zile noti usizitoe. Nakuja kwako kesho, Ijumaa, saa moja kamili asubuhi."