Memori Niliyoigusa Mimi

Mpendwa Kemunto,

Huku Nyamache hatujambo. Babu yako amepona kikohozi, na chai imechipuka vizuri.

Umeniuliza kama umeiua kompyuta, kwa kuwa imekataa kuwaka tangu uibadilishie memori, kile kibao kidogo kinachochomekwa ndani. Chomoa waya wa umeme, rudisha memori ya zamani, kisha ujaribu tena. Lakini unasema mwenye kompyuta hajui kuwa ni wewe uliyeigusa, kwa hiyo nikusimulie yangu.

Nilipokuwa karani kijana katika shule moja ya Kenyenya, nilichomeka memori mpya katika kompyuta ya ofisi bila ruhusa. Kioo kikabaki cheusi, na matokeo ya wanafunzi wote yalikuwa humo. Nikanyamaza. Mwalimu mkuu akamlaumu karani mwenzangu, Moraa, naye akalia mbele yangu.

Fundi alipofika aliuliza, "Nani aligusa mwisho, na aligusa nini?"

Nikasema, "Ni mimi. Nilibadilisha memori."

Akarudisha ya zamani, mashine ikawaka. "Ungesema asubuhi," akaniambia, "tungemaliza asubuhi."

Mwalimu mkuu alinikaripia sana, nikavumilia. Kilichonishinda ni kumtazama Moraa. Jioni nilimkuta akinisubiri langoni.

"Twende nyumbani," akasema.

Hajawahi kulitaja jambo hilo tena. Mimi bado nalikumbuka.

Mungu akutunze, mjukuu wangu.

Nyanya yako,
Kwamboka