Namba ya Baba Haipatikani Tena

Chumba cha 6, Ghorofa ya Pili,
Jengo la nyuma ya kituo cha zimamoto.
Jumapili, 9 Novemba.

Mpendwa mdogo wangu, Bwana Mipango,

Pokea salamu za dada yako. Habari za huko, habari za kazi, habari za ule mgongo uliokuwa unakusumbua tangu wakuhamishie kwenye ghala la mizigo mizito? Wifi yangu hajambo? Sisi tupo. Sitaandika kwamba hatujambo, maana ukisoma mbele kidogo utaniona mwongo. Mama anakula vijiko viwili vitatu na kunywa chai. Mimi naamka, naenda kazini, narudi.

Najua unashangaa kupata barua siku hizi. Namba yangu mpya nilikutumia kwa ujumbe mwezi wa tisa, nikaeleza na sababu, nawe ukanijibu kwa kidole gumba. Basi haya ya leo hayafai kujibiwa kwa kidole gumba. Na kwenye simu siyawezi. Nikianza nitalia, nawe utasema mtandao ni mbaya.

Nianze na laini. Ule mkataba wa Baba ulikuwa wa simu na laini pamoja, na simu yenyewe ilishamaliza kulipiwa zamani, ila kampuni ilikuwa ikitukata vilevile kama vile bado. Wewe ndiye uliyeniambia nitafute mkataba wa laini peke yake, maana simu ninayo na haijafa. Nilikusikiliza. Wiki nzima nilikuwa nikisoma vile vikaratasi wakati wa mapumziko pale dobi, nimeegemea matenga ya mashuka. Hiki kina dakika nyingi lakini intaneti kiduchu. Kile kina intaneti ya kumwaga lakini kinakufunga miaka miwili. Kingine kizuri, ukikisoma chini kwa maandishi ya sisimizi unakuta miezi mitatu tu ndiyo mizuri. Wenzangu wa mashine ya pasi wakanitania kwamba nasomea uwakili.

Mwisho nikakipenda kimoja cha mwezi kwa mwezi, chenye intaneti mara mbili kwa mteja anayechukua namba mpya. Nakuambia ukweli, nilikitaka ili Mama akuone uso. Alikuwa ameanza kuniuliza kama bado una masharubu.

Nilimwuliza mhudumu wa dukani kama naweza kuhama na namba ya Baba. Akasema inawezekana, ila laini ina jina la marehemu, kwa hiyo waone cheti halisi cha kifo. Cheti hicho unacho wewe. Ulikichukua ulipotaka kuwaonyesha huko kazini kwamba kweli ulifiwa. Nilikuandikia mara mbili unitumie. Ukasema wiki ijayo. Mimi nina mapumziko ya nusu saa, nyuma yangu foleni inaguna, msimamizi wangu ana roho ya chuma. Nikasema basi, nipe namba mpya, ile ya zamani ifungeni.

Hapo ndipo nilipokosea, na sitaki uninyang'anye kosa langu kwa maneno matamu.

Unaikumbuka sheria ya mlangoni. Baba alipoona Mama ameanza kupotea njia, alimfundisha namba yake ya simu wakiwa wanakunja nguo, tarakimu mbilimbili, kila mkunjo tarakimu mbili. Ikawa hakuna kufungua mlango mpaka namba isemwe. Baba alipotutoka nikaiweka laini yake kwenye simu yangu, na Mama akaendelea kuisema kila asubuhi, saa moja, ameshika mfuko wa kwenda kununulia mkate. Mara mbili alipotea akarudishwa na watu waliopiga namba ile. Mara ya pili alirudi kwa gari la wagonjwa la zahanati, akiwa amekaa mbele na dereva, amejaa furaha.

Nilipobadili laini nilimfundisha namba mpya. Wallahi nilijitahidi. Tulikunja mashuka yote ya nyumba, tukayakunjua, tukayakunja tena. Aliishika kwa siku moja, kesho yake akarudia ya Baba. Nikimsahihisha analia, anasema namfanya mjinga, anasema hiyo ni namba ya watu. Nikamwandikia namba mpya kwenye kadi na kuishona ndani ya koti lake. Baada ya siku chache nikachoka na kelele za asubuhi. Akisema namba ya Baba, mimi najibu, sawa Mama, kisha nafungua mlango. Nilijua namba ile imekufa, na mlango nikafungua. Siku kumi na tisa hivi.

Siku ya ishirini joto lilikuwa kali, akaenda bila koti. Njia ya kwenye mkate ilikuwa imechimbwa kwa ajili ya mabomba, wakawazungusha watu nyuma ya gereji, naye akapotelea huko. Jirani yetu wa chini, ambaye husikiliza hatua zake ngazini, alidhani amesharudi amelala. Mimi nilikuwa nalisha mashine mashuka ya hoteli, simu iko kabatini kama kawaida. Hata ingekuwa mkononi isingelia.

Aliyemwona ni fundi viatu mmoja, upande wa pili kabisa wa soko la nguo. Nimekwenda kumshukuru, na ni yeye aliyenisimulia. Alimkalisha kwenye kigoda cha wateja, akamwuliza anatoka wapi. Mama akamtajia namba bila kubabaika. Yule fundi akapiga, ikasema haipatikani. Akapiga tena. Akadhani bibi amechanganya tarakimu, akajaribu kugeuzageuza zile za mwisho, akaambulia matusi ya mtu asiyemjua. Kila akishindwa, Mama alikuwa akimwambia, "Piga tu mwanangu, wako nyumbani, watapokea." Alipiga mpaka jioni. Alipofunga kibanda akampeleka kituo cha polisi, na wao wakapiga namba hiyohiyo. Kwa kuwa miguu ilikuwa imevimba, wakampeleka hospitali.

Nilimpata kesho yake mchana, baada ya kuzunguka vituo vinne. Kwenye daftari la polisi walikuwa wameandika: mwanamke mzee, jina hajui vizuri, namba aliyotoa haipo. Nilisoma mstari ule, askari akanivutia kiti. Wodini nilimkuta ameelekea ukutani. Nilimwita, hakugeuka. Nikamshika bega, akaniangalia vizuri, bila hasira, kama unavyomtazama mtu aliyekuja kumwona mgonjwa wa kitanda cha jirani.

Homa ya mapafu waliitibu, na miguu imerudi kawaida. Daktari kijana alinieleza kwamba ugonjwa wa kusahau huwa unateremka ngazi kwa mshtuko kama huo, na si lazima upande tena. Nilimjibu asante, kama vile amenipa dawa.

Tangu arudi nyumbani haendi tena mlangoni. Asubuhi nikivaa viatu yeye anakaa kitandani na mikono yake mapajani. Juzi nilijaribu. Nilileta mashuka, nikaanza kukunja, nikamtajia zile tarakimu mbili za mwanzo za namba ya Baba nikangoja amalizie. Alinisaidia kukunja mpaka mwisho, pembe kwa pembe, hakusema kitu. Mdogo wangu, niliumia kuliko siku ya mazishi.

Sasa nisikilize. Nimerudi pale dukani. Namba iliyofungwa wanaishikilia siku tisini, kisha wanampa mtu mwingine, na siku zinaisha mwisho wa mwezi huu. Wakiona cheti halisi watanirudishia. Tafadhali kitume kesho, kwa njia ya haraka, na usiniambie wiki ijayo. Najua unachofikiri, kwamba namba itarudi wakati mwenye kuisema hayupo tena. Hata mimi nafikiri hivyo. Lakini pengine asubuhi moja ataamka nayo mdomoni, akatoka, na mtu mwema akapiga. Safari hiyo lazima ilie, na mimi niwe wa kuipokea. Msimamizi nimeshamwambia simu sitaiweka kabatini tena, anifukuze akitaka.

Wala usidhani nakutupia lawama zote. Lako ni la cheti. La mlango ni langu, na nitalibeba mwenyewe.

Jirani wa chini anakusalimu. Siku hizi anapanda kumtazama Mama kila saa, na bado ananiomba radhi mpaka naona haya. Mama mdogo anakusalimu, anasema umenenepa kwenye picha. Mjomba dereva naye anakusalimu, anauliza huko magari yanapita upande gani. Msalimie sana wifi.

Mama nilimwambia nakuandikia, nikamwuliza nikupe salamu gani. Akaniuliza huyo ninayemwandikia ni nani. Nikamwambia ni mwanao wa mwisho, yuko mbali, anataka kupiga simu nyumbani. Akatikisa kichwa kwa huruma. Akasema, "Mwambie asijisumbue, maskini. Nyumba ile nimepiga siku nzima. Hawapokei."

Mwenyezi Mungu akutunze mchana na usiku, na barua hii ikukute mzima.

Wako akupendaye daima,
Dada yako.